Treni ikichelewa tuambieni, na siti ya mtu ni ya mtu

Mimi treni naipenda na naitetea popote, hata kijiweni Buguruni nikiwa peke yangu na wenzangu wote ni watu wa basi. Treni unanyoosha miguu, choo kipo, mtoto akichoka kukaa anatembeatembea, na tangu ile ya umeme ianze mwaka 2024, mwezi wa sita ikaenda Morogoro na wa saba ikafika Dodoma, mtu anatoka Dar asubuhi anawahi kikao Dodoma na usiku analala kwake Mbagala, kitu ambacho kwa basi hata hukiwazi. Kwa hiyo haya naandika kama mtu anayetaka treni zetu zijae abiria kila siku. Ila kuna mambo mawili yananiumiza miaka yote, kuchelewa na habari ya siti, na kadiri ninavyosafiri ndivyo ninavyoona ni tatizo lile lile, yaani taarifa ipo lakini haimfikii abiria.

Tuanze na kuchelewa. Sababu zipo na nyingi zinaeleweka kabisa. Reli ya kati ya zamani, ile Wajerumani waliyoanza kuijenga hapa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ni njia moja, kwa hiyo treni mbili zikikutana lazima moja ikae stesheni isubiri mwenzake apite, ndio kupishana kwenyewe. Sasa treni ya mizigo ikiharibikiwa kichwa huko mbele na nyinyi mnakaa, na ile mliyotakiwa kupishana nayo inakaa, na itakayokutana na hiyo nayo inakaa, mchezo unakwenda hivyo mpaka bara. TAZARA ni hivyo hivyo, kilomita 1,860 kutoka hapa Dar mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, njia moja. Halafu kuna kile kipande cha Kilosa hadi Gulwe, mto Mkondoa ukijaa unachukua tuta na reli juu yake, wanaokumbuka mvua za mwisho wa 2009 kuingia 2010 wanajua njia ilivyokatika pale. Na ya umeme ni ya umeme, gridi ikisumbua na yenyewe inasimama. Siwezi kumlaumu mtu kwa mto kujaa.

Lakini sikilizeni jambo moja. Kwenye njia moja huwezi kuiruhusu treni itoke stesheni mpaka uwe na uhakika mbele kupo wazi, la sivyo zinagongana uso kwa uso. Maana yake kuna watu, wanaoongoza treni na wakuu wa stesheni, kazi yao ni kujua treni ipi iko kati ya stesheni ipi na ipi na inamsubiri nani. Dereva naye anaambiwa. Hiyo taarifa lazima iwepo maana usalama wetu wote umesimama juu yake. Sasa kama ipo, kwa nini sisi mia kadhaa tuliokaa nyuma ya kichwa hicho hicho tunaijua mwisho, au hatuijui kabisa?

Niliwahi kukaa na dada mmoja safari ya kwenda bara, siitaji treni gani, anakwenda kumzika mama yake mkubwa. Tumesimama porini usiku, taa za behewa zimefifia, joto, watu wengine wameshuka wanakaa kwenye kokoto. Simu yake inaita kila baada ya muda mfupi, wale wa nyumbani wanamuuliza umefika wapi, tunakusubiri wewe tu, shehe ameshakuja. Na yeye kila akiulizwa anasema tutaondoka sasa hivi, kwa sababu ndicho alichoambiwa na kijana mwenye tochi aliyepita mara moja kwenye ujia na hakurudi tena. Mara tukasikia kichwa kimekufa, mara kuna treni imeacha njia huko mbele, mara wanasubiri ya mizigo ipite, kila behewa na habari yake. Mpaka kunakucha. Saa mbili asubuhi wakazika bila yeye, baada ya kumsubiri usiku kucha na maiti ndani. Akaniambia, kaka angu, mimi ningejua toka jana saa nne usiku ningewaambia wazikeni usiku ule ule, nisingewatesa watu na nisingemtesa mama. Sikuwa na la kumjibu na mpaka leo nikiikumbuka naumia.

Mnaona sasa hapo? Kuchelewa peke yake yule dada angekuvumilia, watu wetu ni wavumilivu mno kwenye mambo haya, kilichomuumiza ni kunyimwa nafasi ya kuamua. Na wapo wengine wengi, mgonjwa mwenye tarehe yake ya kliniki Ocean Road anaona siku inapita, mwanafunzi anayeripoti chuo, mtu mwenye tiketi ya basi la kuunganisha ambalo halimngoji, mama ambaye chakula alichopika cha mtoto kinatosha mpaka jioni na angejua angenunua maji na mikate stesheni iliyopita. Hawa wote wanahitaji mambo matatu tu, tuko wapi, kimetokea nini, na tutaambiwa tena saa ngapi. Hilo la tatu ndio muhimu kuliko yote na ndilo halisemwi kabisa. Najua kuna wakati hata wao hawajui treni itaondoka saa ngapi, sawa, basi semeni hatujui ila saa tano kamili tunarudi kuwaambia tulipofikia, na saa tano rudini kweli hata kama habari ni ile ile. Mtu akijua saa ya kupata habari analala, anatulia, haendi kumvamia mhudumu mlangoni.

Na vifaa vya kufanyia hayo tunavyo tayari. Siku hizi ukikata tiketi mtandaoni unajaza majina na namba ya simu, meseji ya kuthibitisha malipo inaingia hapo hapo hata hujaweka simu mfukoni. Namba ile ile inayopokea meseji ya malipo inaweza kupokea meseji ya treni kuchelewa. Huko porini ambako mtandao haushiki, mhudumu apite behewa kwa behewa aseme kwa sauti, Kiswahili cha kawaida, basi.

Sasa siti. Watu wanachukulia siti kama kitu kidogo lakini Dar mpaka Kigoma kwa treni ya zamani ni kilomita kama 1,250, unalala humo, unakula humo, unanyonyesha humo, siti inakuwa nyumba yako, na treni ikichelewa ndio kabisa kila saa inayoongezeka inakukuta hapo hapo. Ndio maana ugomvi wa siti kwenye treni unakuwa mkali kuliko kwenye daladala.

Msimamo wangu ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye tiketi ndio siti yako. Kuna tabia ya mtu kupanda, kukaa dirishani pasipo pake, mwenyewe akija kwa ustaarabu kabisa, dada samahani hii ni namba yangu, anajibiwa si ukae tu hapo kwingine kote si siti? Hapana jamani. Huyo mtu pengine alikata tiketi mapema akachagua dirisha kwa sababu anatapika asipopata hewa, au mguu wake mmoja haukunji. Kubadilishana ni ombi, na anayekataa ombi hajakosa adabu. Kwa mzee au mjamzito au mgonjwa kupisha ni wajibu wetu kama binadamu na sijawahi kuona behewa la Watanzania likashindwa hilo, ila hata hapo ningependa mhudumu ndiye aombe, aulize behewa zima, sio mzee wa watu asimame anamwangalia kijana mmoja usoni na kijana naye anaona kaonewa.

Hata mwelekeo wa siti ni taarifa. Treni haigeuzi kama basi, ikifika mwisho kichwa kinahamia upande wa pili, kwa hiyo siti zilizofungwa moja kwa moja lazima safari nyingine zisafiri kinyumenyume, na kuna watu ikienda hivyo hawafiki Morogoro wameshachafua mfuko. Nionyeshwe wakati nakata tiketi, nichague mwenyewe. Na vyumba vya kulala wanaume wanatenganishwa na wanawake, jambo ambalo naliunga mkono kabisa kwa usalama wa mama zetu na dada zetu, ila mtu wa dirisha la tiketi awaambie wazi mume na mke wenye watoto kwamba wakitaka kulala pamoja wakate chumba kizima, wasije kugundua hilo usiku stesheni wakiwa na mabegi manne ya shangazi kaja na mtoto analia.

Kibaya zaidi ni mambo haya mawili yakikutana. Treni imechelewa kutoka kwa sababu behewa lina hitilafu, wanalitoa, wanaunga lingine lenye siti chache au hawaungi kabisa, halafu milango inafunguliwa kimya kimya. Hapo tiketi yako ya behewa namba saba inakuwa karatasi. Watu wanakimbia, mabegi yanapitishwa madirishani, mwenye nguvu anapata, na bibi aliyefika stesheni tangu saa nane mchana anakaa juu ya ndoo yake kwenye ujia karibu na choo. Nimeliona hili kwa macho yangu na nasema halikuwa la lazima hata kidogo, kwa sababu orodha ya waliouziwa behewa namba saba ipo kwenye kompyuta! Ichapeni. Kabla mlango haujafunguliwa mtu asimame na kipaza sauti, wa behewa la saba siti namba moja mpaka thelathini nendeni la tisa, waliobaki nendeni la kumi, wazee na wenye watoto watangulie. Robo saa imeisha.

Na aliyelipa daraja la pili la kulala akaishia kukaa la tatu arudishiwe tofauti ya nauli bila kuiomba na bila kuandika barua, kwa simu ile ile aliyolipia. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sheria imeweka kiwango cha chini, treni ikikuchelewesha saa nzima unarudishiwa robo ya nauli, ikifika masaa mawili ni nusu. Sisemi tuanze na hilo kesho, reli yetu bado inajengwa na nataka hela yake iende kwenye mabehewa. Lakini tofauti ya daraja ni hela ya abiria, alilipia kitu hakupewa, hakuna mjadala hapo.

Anayesimamia usafiri wa reli kwetu ni LATRA, na kuna baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kutusemea sisi. Wengi tunalalamika kwenye behewa, tukishuka tunapanda bajaji na yanaishia hapo. Likikukuta tunza tiketi usiitupe, piga picha namba ya behewa na siti uliyokalishwa, andika saa mliyotakiwa kutoka na saa mliyotoka, andika nani alisema nini kama kuna aliyesema, halafu peleka malalamiko ukiwa na hivyo vyote mkononi. Na kama mko behewa zima mmefanyiwa hivyo, andikeni kwa pamoja, wekeni majina na namba za siti zenu zote.