Mniambie alifanya nini kabla ya msiba

Sura ya Rudy Giuliani ya Septemba 11, 2001 bado ninayo kichwani. Meya wa New York yuko barabarani, vumbi limemganda kwenye suti, anawahimiza watu waelekee kaskazini. Alipoulizwa wamekufa wangapi, alijibu kwamba idadi itakuwa kubwa kuliko tunavyoweza kustahimili. Hilo ni jibu la mtu mzima, na kwa siku ile namvulia kofia mpaka leo.

Mwaka 2007 akautaka urais wa Marekani, na siku hiyohiyo ndiyo ikawa ngao yake. Kwa miezi mingi kura za maoni zilimweka mbele ndani ya chama cha Republican. Hapo ndipo mimi ninapogoma. Utulivu wa meya siku ya msiba ni kitu kikubwa, lakini rais anasimamia maandalizi ya taifa zima, na maandalizi hayaonekani kwenye televisheni.

Minara ya World Trade Center, ile iliyogongwa na ndege Septemba 11, ilishapigwa bomu mwaka 1993, watu 6 wakafa. Giuliani akaingia madarakani Januari 1994, akawa na miaka zaidi ya saba ya kujipanga. Kituo chake cha kuratibu dharura kikawekwa ghorofa ya 23 ya jengo namba 7 la World Trade Center, ng'ambo tu ya barabara. Siku kilipohitajika, watu walikikimbia, na jioni jengo zima likaanguka.

Linaloniuma zaidi ni redio za askari wa zimamoto. Tangu 1993 ilijulikana kwamba hazishiki vizuri ndani ya minara. Redio mpya ziligawiwa Machi 2001, zikaleta matatizo, zikaondolewa, na askari wakarudishiwa zile za zamani. Mnara wa kusini ulipoanguka saa nne kasoro dakika moja asubuhi, walioko mnara wa kaskazini waliamriwa kutoka. Wengi hawakusikia. Redio hazikuwa sababu pekee, hilo nakubali, lakini mnara ule ulikaa dakika 29 zaidi kabla ya kuporomoka. Siku hiyo walikufa askari wa zimamoto 343.

Giuliani alijitoa kwenye mbio za urais Januari 30, 2008, baada ya kushika nafasi ya tatu katika kura ya mchujo ya chama chake Florida. Wakati wa kampeni, baadhi ya wazazi wa askari wale walikuwa wakimfuata kwenye mikutano yake, wakitaka awaeleze habari za redio.