Kufilisika Mahakamani Kunamfaa Anayewahi

Yule mama aliniwekea mezani kopo la biskuti lililojaa barua za miezi saba, nyingi zikiwa bado zimefungwa. Nilipofungua ya juu kabisa nilikuta tarehe ya mnada wa nyumba yake hapa Columbus, Ohio, na tarehe hiyo ilikuwa imepita siku mbili. Nilimuuliza kwa nini hakumwita mtu mapema. "Mwanangu, niliogopa," alijibu. "Nilisikia kwamba mtu akitangazwa mufilisi hurudishwa kwao."

Maneno hayo si ya kweli, na yamewagharimu nyumba watu wengi wanaozungumza Kiswahili katika nchi hii. Kufilisika si kosa la jinai Marekani, wala hakumo miongoni mwa sababu za kumwondoa mtu nchini. Ni kinga ya kisheria, na nguvu yake kubwa iko katika siku ambayo maombi ya kufilisika yanapokewa mahakamani. Chini ya kifungu cha 362 cha sheria ya ufilisi, maombi yakishapokewa tu, hata kabla jaji hajayasoma, zuio huanza na wadai wengi hulazimika kusimama: simu za kudai, kesi, makato ya mshahara, hata mnada uliopangwa kesho yake asubuhi. Kisha mdaiwa aliyechagua Sura ya 13, sehemu ya sheria hiyo inayoruhusu kulipa kwa mpango, hupewa miaka mitatu hadi mitano ya kulipa malimbikizo ya mkopo wa nyumba kidogo kidogo, huku akiendelea kulipa rejesho la kila mwezi kama kawaida.

Wakili tuliyemwendea alitueleza hayo yote kwa upole, kisha akatuambia kwamba tumechelewa. Mnada ukishafanyika, haki ya kulipa malimbikizo kwa awamu imekwisha. Huku Ohio kilichobaki ni kulipa deni lote kabla mahakama haijathibitisha mauzo, na mtu aliyeshindwa rejesho la mwezi mmoja atazitoa wapi fedha hizo?

Wapo pia wanaoshauriwa kwamba Sura ya 7, sehemu nyingine ya sheria hiyo, itawaokolea nyumba. Ni kweli kwamba Sura hiyo huenda haraka na inaweza kufuta madeni ya kadi na ya hospitali, lakini haimpi mdaiwa mpango wa kulipa malimbikizo ya nyumba, na benki inaweza kumwomba jaji aondoe zuio. Aliyeelezwa vinginevyo amenunua wiki chache tu.

Kwa gari la mkopo hali ni ngumu zaidi. Likiwa bado limeegeshwa nje ya nyumba, zuio hulilinda na deni lake huingizwa kwenye mpango. Likishavutwa usiku hadi kwenye yadi ya mkopeshaji, mambo hubadilika, kwa kuwa mwaka 2021, katika kesi ya jiji la Chicago, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuendelea tu kulishikilia gari lililokamatwa kabla ya maombi si kuvunja kipengele cha zuio kilichokuwa kikibishaniwa. Mwenye gari hubaki akiomba amri ya kurudishiwa, na siku zote hizo hana usafiri wa kumfikisha kazini. Mpangaji naye asijidanganye: tangu marekebisho ya mwaka 2005, mwenye nyumba aliyekwisha kupata hukumu ya kumtoa kabla ya maombi kwa kawaida hazuiliwi tena, isipokuwa katika mazingira machache sana.

Sheria hudai pia mwombaji apate kwanza ushauri wa madeni ndani ya siku 180 kabla ya kuomba. Kwa asiyesoma Kiingereza vizuri, hatua hiyo peke yake yaweza kumaliza siku ambazo hana. Hapa ndipo ninapozilaumu jumuiya zetu. Akifariki mtu, mchango wa msiba hukamilika kabla jua halijazama, na ninaliheshimu jambo hilo kwa moyo wote, lakini mtu anaponyang'anywa nyumba tunanyamaza eti tusimwaibishe. Kila jumuiya ingeweza kuwa na watu wawili wa kumsomea mwenzao barua na kumsindikiza kwenye msaada wa kisheria, wiki ileile barua ya kwanza inapofika.

Yule mama sasa anaishi kwa binti yake. Kila bahasha inayoletwa huifungua palepale mlangoni, kabla hajavua viatu, na asiyoielewa hunipigia simu nimsomee.