Nani aigize mvuvi wa Ukerewe?

Tamthilia ikigusa Kanda ya Ziwa, ubishi ni uleule, hapa Mwanza, kwenye vibanda umiza vya Mabatini na ndani ya daladala za Igoma: kwa nini mvuvi wa Ukerewe kaigizwa na staa wa Sinza, Dar? Kuna wanaotaka uhusika wa hapa upewe mtu wa hapa. Wengine wanajibu kwamba kuigiza ndiyo kazi yenyewe, na anayetaka mvuvi halisi ashuke Mwaloni Kirumba akamtazame bure.

Hoja ya kwanza ina nguvu, tatizo ni kwamba mara nyingi hutetewa kwa wivu wa mkoa. Itetewe kwa kazi. Chukua dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata taa. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi mingi hupumzika. Sasa tunga mvuvi wa dagaa anayembembeleza mpenzi wake mtumbwini, karabai zinawaka, mwezi mpevu nyuma yao. Dar picha hiyo itasifiwa. Wavuvi wa Igombe watacheka, na kabila la mwigizaji halihusiki. Watacheka kwa kuwa pale lokesheni hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia mwongozaji, "Kaka, hii haipo." Mwenyeji mmoja aliyepewa uhusika wa maana, mwenye sauti mbele ya kamera na nyuma yake, angeokoa tukio zima.

Lafudhi nayo ina aibu yake. Mwigizaji wa Pwani akipewa Msukuma, hupachika "-ga" kwenye kila kitenzi kama anayetia chumvi gizani: "amefikaga sasa hivi", "nimemwonaga huyo anaingia". Mtu wa Magu atakwambia "huwa anakujaga jioni", akizungumzia mazoea. Jambo lililotokea mara moja, dakika hii, halisemi hivyo. Sikio la Dar halioni tofauti. La Mwanza linajua limetaniwa na mtu asiyejua utani wenyewe.

Lakini geuza upande. Prodyuza akipeleka kazi kituo cha televisheni, swali la mapema ni nani anacheza. Na yule mtazamaji wa Mabatini anayelalamikia mvuvi wa bandia ndiye huyohuyo anayeuliza "stelingi nani?" kabla hajatoa kiingilio. Tunataka sura tunazozipenda, kisha tunalaumu waliotuletea. Isitoshe, kutoka mbali hakumzuii mtu kufanya kazi vizuri. Forest Whitaker, Mmarekani mzaliwa wa Texas, alijifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin, akaondoka na Oscar mwaka 2007. Miaka tisa baadaye, filamu ya Queen of Katwe iliwachanganya mastaa na mwenyeji: Lupita Nyong'o, mwenye asili ya Kisumu, David Oyelowo wa Uingereza, na kwenye uhusika mkuu Madina Nalwanga, binti wa Kampala ambaye hakuwahi kucheza filamu kabla ya hiyo. Majina yakabeba bango, Nalwanga akabeba hadithi. Mpango huo naukubali, ingawa waliomudu ni wenye fedha za Disney. Prodyuza wetu anakodi kamera kwa siku.

Anayeamini kwamba sura za wenyeji zinatosha, basi akumbuke filamu ya maisha halisi, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Ilipigwa hapahapa Mwanza na haikuajiri mwigizaji. Ni watu wetu wenyewe, sangara wetu, mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakianikwa baada ya minofu kusafirishwa Ulaya. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani kwamba inaipaka nchi matope. Uwe ulikuwa upande wake au wa Sauper, jambo moja halikuwa na ubishi: uhalisia wa sura haukumaliza ugomvi. Aliyeshika kamera na aliyekaa chumba cha uhariri ndio walioamua Mwanza ionekane vipi.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaodai "Msukuma aigizwe na Msukuma" wakaishia hapo. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa kipenzi cha Bongo Movie hadi alipofariki Aprili 2012, na umaarufu wake haukujengwa kwa kuigiza mchunga ng'ombe. Alivaa suti, akapenda, akasalitiwa, akalia, na nchi nzima ikalia naye. Kanuni ya asili kwa asili ingembana kwenye zizi. Mimi hunisumbua zaidi swali la ni nafasi gani tunapewa. Lafudhi ya Kanda ya Ziwa ikisikika kwenye tamthilia, kwa kawaida inatoka kwa mlinzi wa getini, dada wa kazi, au mganga. Daktari hana lafudhi. Hakimu hana. Mwanamke anayegombewa na wanaume wawili hana kabisa. Mwigizaji wa Nyamagana akienda kwenye usaili Dar, anajua cha kufanya: anaiacha sauti yake stendi ya Nyegezi, na akiitwa tena kuirudisha, ni kwa ajili ya kuchekesha. Mleteni staa wa Sinza aje awe mvuvi, akae kambini wiki mbili kabla ya kamera. Mimi sina shida. Ila siku hiyohiyo bosi wa benki azungumze kama mtu wa Misungwi, na asicheke mtu.

Kwenye uhusika mmoja tu silegezi: mtu mwenye ualbino. Ukanda huu umewazika watu waliouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, na hadithi zao zitaendelea kuandikwa. White Shadow, filamu ya mwaka 2013 iliyopigwa Tanzania, ilimpa uhusika mkuu Hamisi Bazili, kijana mwenye ualbino, na ikazawadiwa tamasha la Venice. Kumpaka staa poda hakuna utetezi wa kisanii ninaoujua. Ni kweli kuna gharama: losheni ya jua, kofia na kivuli kati ya picha na picha, kupiga asubuhi na jioni badala ya saa saba mchana, mistari iliyochapwa kwa herufi kubwa. Prodyuza anayeona hizo ni nyingi amwondoe mhusika huyo kwenye mswada, aandike kingine.