Mbona hukuyataja matone?

Baba aliishiwa nguvu polepole mno, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Alianza kwa kupumzika katikati ya ngazi. Baadaye akawa anasinzia mchana kutwa, hadi siku moja alipoinuka kitini akayumba na kujishikiza ukutani. Tukasema ni umri. Yeye mwenyewe alisema ni umri, tena kwa fahari kidogo.

Hospitalini mapigo ya moyo wake yalikutwa ni 44 kwa dakika. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Baba ni mtu wa utaratibu. Akazitaja zote, asubuhi hiki, usiku kile, hata vitamini. Tulikuwa tumeshaaga, mimi nimeshika kitasa cha mlango, ndipo nikakumbuka: "Na yale matone ya macho, baba?" Akanijibu kwa mshangao wa kweli kwamba ameulizwa dawa, hakuulizwa macho. Daktari akatuambia tukae tena.

Matone yenyewe yalikuwa ya timolol, ambayo baba alikuwa ameyatumia kwa miaka sita kwa ajili ya glakoma, ile presha ya macho. Timolol ni ndugu wa vidonge vinavyotolewa kupunguza kasi ya moyo. Ikitiwa jichoni inashusha shinikizo la jicho. Ikiingia kwenye damu inafanya kazi yake ile nyingine, haijali ilipitia wapi. Alibadilishiwa dawa, na baada ya muda si mrefu mapigo yakapanda na usingizi wa mchana ukapungua. Umri haukubadilika.

Tangu siku hiyo nina hasira na neno "matone". Ni neno dogo, linafanya dawa ionekane kama maji ya kunawia. Hebu tazama hesabu yake. Tone moja linalotoka kwenye chupa ya kawaida huwa na mikrolita 30 hadi 50. Machozi yaliyopo jichoni wakati wote ni kama mikrolita 7 tu, na hata jicho likijaa pomoni halihifadhi zaidi ya 30 hivi. Kwa hiyo tone lenyewe ni kubwa kuliko nyumba yake! Kinachozidi hutiririka shavuni, na kingine huingia kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo kwenye kope upande wa pua, kimoja juu na kimoja chini, kikashuka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Kama umewahi kutia dawa jichoni ukahisi uchungu ulimini dakika chache baadaye, basi umeshaionja safari hiyo.

Shida kubwa iko puani. Utando wa pua umejaa mishipa midogo ya damu, nayo hunyonya dawa upesi. Kidonge unachomeza hupitia kwanza kwenye ini, na ini huvunja sehemu yake kabla hakijafika kwingine. Dawa inayoingilia puani hairuki tu foleni, bali haiendi kabisa kwenye foleni. Kwa namna fulani iko karibu na sindano kuliko kidonge. Ndiyo maana sehemu ndogo ya miligramu, ambayo ingeonekana si kitu kama ingemezwa, inaweza kuutuliza moyo wa mzee kupita kiasi. Na kwa mwenye pumu mambo ni mabaya zaidi: timolol inaweza kubana njia za hewa, na kuna watu waliokufa hivyo. Maelezo ya dawa yanasema wazi kwamba mwenye pumu asipewe. Lakini nani anasoma kile kikaratasi kilichokunjwa mara kumi na sita, chenye herufi za kusomwa na siafu? Tena anayetakiwa kukisoma ni mgonjwa wa macho.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kinga yake ni rahisi hata inatia aibu. Ukishatia tone, funga jicho kwa utulivu, usipepese, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani ya jicho, pale linapokutana na pua, kwa dakika mbili au tatu. Hapo umeziba ule mfereji. Vipimo vimeonyesha kwamba kufanya hivyo hupunguza dawa inayofika kwenye damu kwa zaidi ya nusu, na faida ya pili ni kwamba dawa inabaki jichoni, mahali ilipotakiwa. Kama una dawa mbili, acha dakika tano kati ya moja na nyingine. Baba alifundishwa haya mwaka wa sita. Kwa miaka yote hiyo aliambiwa "tone moja kila jicho, asubuhi na jioni" kisha akaitwa mgonjwa mwingine. Siwalaumu wauguzi peke yao, foleni tunaziona. Ila somo la nusu dakika halihitaji jengo jipya.

Hapa niweke tahadhari, maana najua watu: usiende kuitupa chupa yako ya glakoma kwa kusoma haya. Glakoma isiyotibiwa hupofusha, na uoni uliokwenda haurudi. Zungumza na aliyekuandikia.

Timolol haiko peke yake. Atropini, inayotumika kutanua mboni, ikiwa ya asilimia 1 hubeba karibu nusu miligramu kwenye tone moja. Hicho ni kiasi ambacho mtu mzima anaweza kudungwa mshipani ili kuuharakisha moyo uliolegea. Mpe mtoto matone mawili matatu ya ziada, atakauka mdomo, atakuwa mwekundu usoni, joto litapanda, moyo utakwenda mbio na ataanza kuweweseka. Atropini hupatikana kwenye mmea ambao wanawake wa Italia zamani walijitia maji yake machoni ili mboni zitanuke wapendeze. Jina la mmea huo, belladonna, maana yake ni mwanamke mrembo. Urembo huo ulitokana na sumu. Brimonidine nayo, dawa nyingine ya glakoma, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumlaza hadi asahau kupumua.

Lakini zinazoniogopesha kuliko zote ni zile zinazonunuliwa bila cheti, za kuondoa wekundu wa macho. Humo kuna tetrahydrozoline, naphazoline au oxymetazoline. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu matone hayo pamoja na dawa za kuzibua pua za jamii hiyo, baada ya kupitia visa 96 vya watoto wa hadi miaka mitano waliozimeza kwa bahati mbaya. Zaidi ya nusu walilazwa. Mililita moja au mbili, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai, inatosha kumdhuru vibaya mtoto mdogo. Mwaka huohuo nchi hiyo ilipitisha kanuni ya kuzitaka dawa hizo ziwe na vifuniko vigumu kwa mtoto kufungua. Ninaona kifuniko cha namna hiyo kingekuwa lazima kwa kila dawa ya macho, popote inapouzwa. Ule mzaha wa kumtilia mtu matone kwenye kinywaji eti apate tumbo la kuendesha, tafadhali usiurudie hata kwa kicheko. Sumu hii haifanyi hivyo. Inashusha mapigo, inashusha presha, mwili unapoa, na mtu anazama kwenye usingizi ambao huenda asiamke.

Mtoto akikutwa na chupa mdomoni, usimtapishe na usisubiri dalili. Beba chupa, mpeleke hospitali. Akianza kusinzia njiani, usifurahi kwamba ametulia.