Jangwani: daraja linapanda, watu wa bondeni wanakwenda wapi?

Mvua ikikesha Pugu na Kisarawe, asubuhi anayeumia ni abiria wa Kimara. Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, inafungwa Jangwani, mabasi ya mwendokasi hayapiti, na anayewahi kazini Posta anatafuta njia ya kuzunguka. Kwa hiyo daraja jipya la mita 390 linalojengwa pale ni vigumu kumpata wa kulipinga, na mimi silipingi. La zamani liko chini mno. Mto Msimbazi unashuka na mchanga wa juu pamoja na taka za Vingunguti na Buguruni, unajiziba wenyewe. Mitambo inazoa, msimu unaofuata tope limerudi. Hata karakana ya mwendokasi, huduma iliyoanza 2016, iliwekwa humohumo bondeni na imefurika mara kadhaa. Waliochagua eneo lile sijasikia wakiitwa wakaidi.

Neno hilo wameachiwa wakazi. Na wanaolitumia wana hoja, tuseme kweli. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwahi kuiona tangu 1954, zaidi ya watu 40 wakafa. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Wapo waliouza wakarudi bondeni. Desemba 2015 yakaja matingatinga kubomoa nyumba, na bado watu wakarudi. Ofisa ambaye kila masika anaamshwa usiku kwenda kuwatoa watu juu ya mabati ana haki ya kuchoka.

Lakini mkae chini mpige hesabu kama anavyoipiga mama anayeuza maandazi Kariakoo na kulala Magomeni Suna. Alfajiri anakwenda kwa miguu, mtaji wote uko kichwani. Mpeleke Mabwepande, huko Bunju ndani, na kabla hajauza andazi la kwanza ameshalipa nauli, na jioni atalipa tena. Mafuriko yana msimu, nauli haina msimu. Kwake kurudi bondeni ni hesabu, tena hesabu ya mtu aliyeyaona maji kwa macho yake.

Kisha fidia ya waliotakiwa kuhama kupisha mradi wa bonde hili. Kwa kuwa bonde lilishatajwa kuwa eneo hatarishi, ardhi yake haikuwa na bei. Kilichothaminiwa ni jengo. Wakazi walipolalamika, serikali ikaongeza Sh milioni 4 kwa kila mwenye nyumba, kama mkono wa pole kwa ajili ya ardhi. Wengine walipokea kwa shukrani, na si haba, maana sheria haikuilazimisha serikali. Nami nazidi kuigeuzageuza hiyo milioni nne. Inanunua kiwanja wapi? Si Magomeni, si Kigogo, si Ilala. Inakupeleka pembezoni, kulekule ambako nauli inaanza kula mtaji. Wala haigusi kodi ya vyumba viwili vitatu ambayo kwa wajane wengi wa bondeni ndiyo iliyokuwa pensheni.

Ningeweza kuyameza yote hayo kama bonde lingeachiwa mto na miti tu. Mpango wa Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia, una bustani kubwa ya jiji, na hilo ni jambo jema. Una pia kingo zitakazoinuliwa kwa kifusi ili ziendelezwe. Wahandisi watasema, na hawakosei, kwamba ardhi iliyoinuliwa si ile iliyofurika, na kwamba mapato yake yanaweza kulipia usafi wa mto miaka ijayo. Sawa. Ila aliyeambiwa kiwanja chake hakina bei atapita juu ya daraja siku moja, amekaa dirishani kwenye mwendokasi, aone ghorofa palepale. Tutamweleza nini?

Orodha ipo. Kila nyumba ilithaminiwa, jina la mwenyewe liliandikwa, picha ikapigwa. Kutenga sehemu ya kingo hizo kwa nyumba za bei nafuu, na kuanza kuita majina kutoka kwenye daftari hilohilo la fidia, hakuhitaji upembuzi mpya. Kunahitaji kuamuliwa sasa, kabla kifusi hakijamwagwa na viwanja kuanza kupata wateja.