Kazi za pembeni mtandaoni: nani atakudhamini kesho?

Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na utakuta sharti lile lile: mwombaji aambatishe maelezo binafsi yenye majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Wengi hulipita haraka wakikimbilia kuona mshahara na mwisho wa kutuma maombi. Mimi naona ndilo linalowabana zaidi vijana wa Dar es Salaam ambao tangu wamalize chuo wanaishi kwa kazi za mtandaoni. Wapo wanaotafsiri, wanaonukuu rekodi za sauti, wanaoandika programu, wanaochora ramani za nyumba za watu wasiowahi kuonana nao, na wanaoendesha kurasa za Instagram za maduka ya Kariakoo. Wanafanya kazi kweli na wanalipwa. Lakini muulize mmoja wao ni nani atakayesimama na kusema, "Huyu namfahamu, na kazi yake naijua," uone anavyosita.

Majumbani mjadala huu huishia pabaya mapema. Mzazi anasema tafuta kazi inayoeleweka, kijana anajibu kazi yenyewe iko wapi, na hapo kila mmoja ananuna. Wote wawili wana hoja, ila ya kijana husikilizwa kidogo, kwa hiyo nianze nayo.

Waajiri wa mji huu wana tabia ya kudai uzoefu wa miaka mitatu kwa nafasi ya mtu anayeanza. Asiye na uzoefu huo huambiwa aje ajitolee kwanza. Kujitolea kuna gharama, tena kubwa. Binti anayetoka Gongo la Mboto kwenda Posta kila asubuhi anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana na nguo za kumstahi mbele ya wageni wa ofisi. Fedha hizo hutoka kwa mama anayeuza genge, au hazitoki kabisa. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kwa mwezi. Kijana anayebakiwa na dola 200 mkononi baada ya makato ya jukwaa la kazi, na jukwaa kama Fiverr hukata asilimia 20, anakaribia kiwango hicho akiwa amekaa nyumbani kwao. Kumwambia aziache akapange mafaili bure mahali fulani ili aonekane ana uzoefu ni ushauri wa mtu ambaye hakuwahi kukosa nauli.

Na zipo kazi za mtandaoni zinazomjenga mtu kuliko ofisi. Mwandishi wa programu anayeweka kazi yake hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu, ana ushahidi ambao hauhitaji barua ya mtu. Mwajiri anaingia, anasoma alichoandika, anaona alivyorekebisha makosa yake na alivyojibizana na wenzake. Mbunifu wa picha anayesaini kazi zake, mtafsiri ambaye jina lake limechapishwa ndani ya kitabu, mwandishi wa makala zenye jina lake, wote wako katika kundi hilo. Wamejifunza pia mambo ambayo darasani hayafundishwi: kupanga bei, kukataa kazi isiyowafaa, kumwandikia mteja barua yenye adabu wakati kazi imechelewa.

Tatizo ni kwamba tunaposema "kazi za mtandaoni" tunatia katika kapu moja vitu visivyofanana hata kidogo. Wengi hupima kwa malipo. Kwa mtu anayefikiria taaluma yake ya miaka kumi ijayo, napendekeza aanze na swali jingine: kazi hii inabaki na jina langu au inapotea nalo?

Tazama kazi za kufundisha akili mnemba na kuchuja maudhui machafu. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili kusaidia mfumo wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, uyatambue. Mkononi walikuwa wakipata chini ya dola mbili kwa saa. Watu walizungumza sana kuhusu malipo hayo na madhara ya akili, na walikuwa na haki. Kuna jambo moja lililosemwa kidogo: kazi za aina hii kwa kawaida huambatana na mikataba ya usiri. Umefanya kazi miaka miwili, umejua mambo mengi kuhusu lugha na data, lakini hujui uandike nini kwenye wasifu wako. Ukiandika kwa uwazi unavunja mkataba. Ukinyamaza, msaili anaona pengo la miaka miwili na kudhani ulikuwa umekaa tu.

Hatari zaidi ni kufanya kazi kwa akaunti ya mtu mwingine. Majukwaa mengine hayapokei waombaji wa Tanzania kwa baadhi ya kazi, kwa hiyo kijana anakodi akaunti iliyofunguliwa nje. Nyota zote anazopewa na wateja, na sifa zote wanazomwandikia, zinamwendea mwenye akaunti. Siku akiomba kazi benki hawezi kuzionyesha bila kukiri kwamba alijifanya mtu mwingine, na kukiri hivyo mbele ya benki ni kujifungia mlango mwenyewe.

Kisha kuna kuwaandikia wanafunzi kazi zao. Wateja wako Uingereza, Marekani, na msimu wa tasnifu ukifika wako hapa hapa mjini. Hapa sitapima pande mbili kwa usawa, kwa sababu sioni usawa. England imefanya biashara ya kutoa huduma hiyo kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2022. Hata pasipo sheria, fikiria aliyesoma sheria na anataka kuwa wakili, kazi ambayo mtu huulizwa mwenendo wake kabla ya kuapishwa. Au anayetaka kurudi chuoni kufundisha, aje asimamie tasnifu za wengine. Ujumbe wa WhatsApp na miamala ya simu haifutiki kwa kuwa wewe umesahau. Mteja uliyemwandikia tasnifu ana siri yako mkononi, na huna namna ya kujua ataitumia lini.

Taaluma zinazosimamiwa na bodi zina ugumu wake, na hapa mzazi anayesema "tafuta kazi inayoeleweka" ana hoja nzito kuliko mwanawe anavyokubali. Mhitimu wa uhandisi anayetaka kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hupitia mpango wa mafunzo kwa vitendo wa SEAP, miaka 3 chini ya uangalizi wa mhandisi mwenye sifa. Anayekaa Sinza akimchorea mteja wa Canada michoro ya nguzo na mihimili anaweza kuwa hodari wa programu za uchoraji kuliko wenzake wote walioko saiti. Lakini miaka yake mitatu haijaanza kuhesabiwa. Wenzake waliokuwa wanalipwa kidogo na kurudi nyumbani na vumbi la Kigamboni kwenye viatu wanasajiliwa, wanasaini michoro, wanapandishwa. Yeye akifika miaka 30 anaanzia walipoanzia wao. Na matangazo ya ajira serikalini huweka kikomo cha umri wa miaka 45, kikomo ambacho mtu wa miaka 26 huona hakimhusu.

Simwambii mhandisi huyo aache kuchora. Namwambia atafute kwanza nafasi ya SEAP, kisha michoro ya Canada iwe ya jioni.

Jioni zenyewe nazo zina hesabu. Saa 3 asubuhi ya New York wakati wa baridi ni saa 11 jioni hapa, kwa hiyo mteja anayetaka uwepo muda wake wote wa kazi anakufikisha saa 7 usiku. Aliyeajiriwa mchana ataonekana ofisini asubuhi macho mekundu, na wakuu wake hawatajua kama ni kazi au starehe. Asome mkataba wake wa ajira kabla ya yote, maana mingi inadai idhini ya maandishi kwa kazi nyingine, na asitumie kompyuta ya mwajiri hata kwa dakika tano.

Kuhusu video na matangazo nitasema machache. Muuguzi anayejipatia wafuasi kwa kurekodi wodini anagusa maadili ya kazi yake na pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mhasibu anayetangaza michezo ya kubashiri ajiulize kama siku moja atataka kukabidhiwa funguo za hazina ya mtu.

Waajiri nao wana lao la kujibu. Paneli nyingi za usaili huamini barua yenye mhuri kuliko kazi iliyo mbele ya macho yao. Kijana aliyemsimamia mfanyabiashara wa Kariakoo ukurasa kwa miaka miwili amejifunza masoko kwa vitendo, lakini kwa kuwa hana barua anahesabiwa hana uzoefu, na nafasi anapewa aliyepigiwa mhuri na mjomba wake. Hilo ni dhuluma, na mwajiri mwenyewe anapata hasara. Kumpa mwombaji kazi ndogo aifanye pale pale kwa saa mbili kungewaambia wasaili zaidi ya barua kumi.

Mpaka wabadilike, kijana afanye yaliyo katika uwezo wake. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kuwa na namba ya mlipakodi (TIN) kunamwezesha kusaini mkataba na kutoa risiti, na mwenye duka la Kariakoo anaweza kusaini ukurasa mmoja unaoeleza kazi, muda na malipo. Kwa mteja wa Toronto hakuna mhuri, lakini ipo barua ya aya mbili yenye jina lake kamili, cheo chake na anwani ya barua pepe ya kampuni, ambayo msaili akiamua kuihakiki anaweza kumwandikia na kujibiwa. Barua hiyo iombwe wiki ile kazi inapokabidhiwa na mteja bado ameridhika. Akaunti ya jukwaa ikija kufungwa, mara nyingi mazungumzo yote hufungwa nayo, na mdhamini uliyekuwa umemtegemea huna tena njia ya kumpata.