Bastola ya Paji la Uso

Jamani, foleni ya afya mpakani ina vituko. Umeteremka kwenye basi, begi kichwani, jua la saa saba limekukalia utosini. Ukifika mezani unaelekezewa ile bastola ya kupimia joto. Pii! 38.2. Haya, kaa pembeni, mgonjwa wewe! Mgonjwa wa jua. Bastola ile virusi haivijui, inasoma joto la ngozi basi. Ungepewa kivuli nusu saa, ukafuta jasho, ungerudi 36 na ushee.

Mwenye homa yake ya kweli yuko wapi? Kameza paracetamol mbili saa moja kabla ya mpaka. Huyo kashapita zamani, anatafuta soda.

Na kidude chenyewe kina masharti kushinda mganga. Vingi vinataka sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye paji, si kumpimia mtu toka mlangoni. Kofia itoke. Kikitolewa kwenye gari lenye kiyoyozi, kiachwe kwanza kizoee hewa ya hapo. Halafu kuna kitufe cha kuchagua mwili au vitu. Ukiona basi zima linasoma 33, ama wanasafiri maiti, ama kuna mtu kagusa kitufe.

Fomu nayo: “Umekuwa na homa ndani ya siku 21?” Nani ataandika ndiyo, na karantini anaiona kwa macho pale? Hata mkweli hasaidii. Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili. Aliyeambukizwa juzi leo ni mzima, anapita kihalali kabisa, anakuja kuugulia kwa shemeji wiki ijayo.

Kanada mwaka 2003 walipima watu mamilioni kwenye viwanja vya ndege wakitafuta SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa virusi. Waliyempata nayo? Hakuna hata mmoja.

Wanaonaswa ni kina malaria na mafua. Nao hukalishwa benchi moja, bega kwa bega, bila barakoa, dirisha limefungwa. Aliyeingia na jua anatoka na mafua ya jirani! Mita moja kati ya mtu na mtu, ni kusogeza benchi tu jamani.

Foleni ikizidi saa mbili, wenye haraka hao, njia ya panya. Kule hakuna bastola wala fomu, na wa kwanza kuelekea huko ni yule anayekohoa.